Najenga reli ya treni za kuchezea za miaka ya 1950: meza, waya, na kwa nini sing'oi reli ya tatu

Mshika Pointi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Jambo hili niko nalo tangu Novemba, na kila nikitafuta maelezo yake kwa Kiswahili narudi mikono mitupu. Nimeona nilianzishie uzi, niweke kila hatua, wenye ujuzi wanisahihishe na wanaotaka kuanza wapate pa kushika.

Naishi Ohio, Marekani. Mtaani kwetu kulikuwa na mnada wa vitu vya nyumbani vya mzee mmoja aliyefariki. Mimi nilifuata msumeno. Chini ya meza ya gereji nikakuta maboksi mawili, nikafungua moja, habari ya msumeno ikaishia hapo. Zilikuwa treni za Lionel: kichwa cha mvuke nambari 2037, behewa lake la makaa lenye filimbi ndani, mabehewa matano ya mizigo, vipande vya reli vyenye kutu, na transfoma kubwa nyeusi, modeli yake inaitwa KW, wati 190. Mwisho kabisa, kimeviringishwa kwenye gazeti, kibanda kidogo chenye mlango. Nambari 145, mlinzi wa geti la reli. Treni ikikaribia mlango unafunguka, mtu anatoka na taa yake mkononi. Ikipita anarudi ndani.

Kwa asiyezijua, Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen. Vita Kuu ya Pili ilisimamisha utengenezaji wa treni mwaka 1942, wakarudi 1945, na miaka kumi iliyofuata ndiyo ilikuwa neema yao. Hiki kichwa cha 2037 kilitoka 1953. Mwaka 1957 walikipaka rangi ya waridi wakakiuza kama treni ya wasichana, hakikununuliwa sana, na leo hicho cha waridi ndicho wakusanyaji wanachokitafuta kwa bei kubwa. Changu ni cheusi. Bodi yake ni aloi ya zinki ya kumimina. Ukipewa ukishike, mkono unashuka.

Saizi yake inaitwa O. Kati ya reli mbili za nje kuna inchi moja na robo, karibu milimita 32, na katikati inapita reli ya tatu ambayo ndiyo inayoleta umeme. Hizo mbili za nje zinaurudisha.

Mzee wangu alikuwa mshika pointi, yule anayegeuza reli ili treni ishike njia yake, huko Tabora, pale njia inayotoka Dar inapogawanyika, moja Kigoma nyingine Mwanza. Nilipomwona yule mtu mdogo wa kibandani na taa yake nililipa bei iliyotajwa, sikuomba kupunguziwa.

Kesho nitaeleza meza.

Kijana wa Mbezi

Hongera mkuu, uzi mzuri, nimeweka kambi. Ila niulize kwa heshima: hiyo reli ya katikati haiharibu sura? Siku hizi kuna treni ndogo za saizi ya HO, reli mbili kama za kweli, unaendesha kwa simu. Kwa nini usiuze hizo mzigo ukaanza na za kisasa?

Mshika Pointi

Ndugu, swali lako ndilo kila mtu ananiuliza, hata mke wangu. Nitalijibu kwa vitendo uzi ukiendelea. Kwa sasa chukua moja tu.

Kwenye reli mbili, reli moja ni umeme wa kwenda, nyingine wa kurudi. Ukitaka treni izunguke irudi kwenye njia ileile ikiwa imegeuka uso, reli ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia: shoti papo hapo. Inabidi ukate sehemu na kuweka swichi au kifaa cha kugeuza umeme. Kwenye reli tatu hakuna tatizo hilo. Ya katikati hukutana na ya katikati hata uikunje vipi, na za nje zote mbili ni kitu kimoja. Mtoto wa miaka saba wa mwaka 1953 aliweza kupanga reli sakafuni anavyotaka na treni ikaenda. Na treni za chini ya ardhi za New York, walikoanzia Lionel, zilikuwa zikichukua umeme kwenye reli ya tatu vilevile, ingawa yao iko pembeni.

Sasa meza. Nimetumia plaiwudi moja nzima, futi 4 kwa 8, unene wa nusu inchi, juu ya fremu ya mbao za inchi 1 kwa 4 yenye mbao za kukatisha kila inchi 16. Miguu sita. Nilianza na minne, katikati ikabonyea nilipoegemea nikifunga waya. Juu ya plaiwudi nimegandisha ubao laini wa karatasi zilizoshindiliwa, ule wanaouza hapa kwa kuzuia sauti ukutani. Usiuruke huu. Reli hizi ni bati lililokunjwa kuwa bomba, na plaiwudi tupu inageuka ngoma: treni ikipita huwezi kuongea na mtu aliye karibu nawe.

Njia ziko mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ni kona za O31, nane kwa duara, upana karibu inchi 31. Ya nje ni O42, kumi na mbili kwa duara. Kila njia nimeongeza vipande vinyoofu vitano kila upande, vya inchi 10. Piga hesabu: ya nje inachukua inchi 42 kwa 92, na meza ni 48 kwa 96. Inatosha, na kati ya njia na njia kuna inchi tano na nusu, treni mbili zinapishana bila kugusana. Kona za O42 nimenunua mpya. Za zamani kwenye boksi zilikuwa O31 tu.

Kutu nimeitoa kwa pedi ya kijani ya kusugulia vyombo, kisha kitambaa chenye spiriti. Wakuu, hapa nawasihi: msitumie ule uzi wa chuma wa kusugulia masufuria. Kichwa hiki kina sumaku kwenye ekseli, Lionel waliianza 1950 ili magurudumu yaing'ang'anie reli na kiweze kuvuta mzigo mzito. Vile vinyuzi vya chuma vinabaki njiani, sumaku inavivuta, vinaingia kwenye mota. Mimi nilikwisha kusugua vipande sita kabla sijaambiwa. Nilikaa jioni nzima na kibano na lenzi nikivichomoa kwenye magurudumu, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa miiba ya samaki.

Fundi Mota (Arusha)

Kaka, mimi nafunga mota za pampu na mashine za kusaga, hili la treni limenigusa. Mawili. Hiyo transfoma ya miaka sabini umeichomeka hivyohivyo? Na nikipata kama hiyo huku kwetu, umeme wa volti 230, nifanyeje?

Mshika Pointi

Fundi, shikamoo. Umegusa penyewe.

Kwenye boksi aliyeuza alibandika karatasi: imejaribiwa, inafanya kazi. Nilipokunja waya wa plagi ganda lake likakatika kama ganda la yai, shaba ikabaki wazi. Ningeuchomeka ule, sijui. Nilifungua kasha, nikatoa waya wote wa zamani, nikafunga mpya, na kinga ya ndani nikaipima upya. Hata ikiwa nzima, kinga ya zamani inachelewa kukata. Treni ikianguka njiani, gurudumu likagusa reli ya katikati, waya unapata moto muda mrefu kabla haijashtuka. Kwa hiyo kila njia nimeifungia fyuzi yake ya gari ya ampea 7.5. Mtu asiyewahi kufungua kitu cha umeme wa ukutani, tafadhali ampelekee fundi.

Huko nyumbani: usiichomeke kwenye 230, utaiunguza sekunde ileile. Utahitaji transfoma ya kushusha. Na hata ukishusha hadi 120, hii ilitengenezwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde, sisi ni 50. Kiini cha chuma ndani yake kinashiba sumaku, kinapata joto zaidi. Ukipata ya kushusha hadi 100 ndiyo salama zaidi, kwa sababu 100 kwa 50 ni uwiano uleule wa 120 kwa 60. Na usiibebeshe mzigo wote.

Fundi Mota (Arusha)

Nimekuelewa. Kwa hesabu hiyo afadhali nisuke transfoma yangu mwenyewe, 230 kuja 18, niachane na ya Mmarekani. Mota yenyewe ni ya aina gani, ina sumaku au koili tupu?

Mshika Pointi

Koili, kaka. Koili ya nje na amecha, ile sehemu inayozunguka, zimefungwa mfululizo, kama mota ya drili. Kwa hiyo inaenda kwa AC, umeme unaobadili mwelekeo kama wa ukutani, na inaenda kwa DC pia, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Ila usiilishe DC, na sababu yake nimeipenda mno hadi nataka kuieleza.

Filimbi. Ndani ya behewa la makaa kuna kimota kingine kinachozungusha feni, feni inapuliza hewa kwenye vyumba viwili vya plastiki, inatoka sauti mbili kwa pamoja. Filimbi ya hewa Lionel walianza nayo 1935. Sasa umeme ni uleule mmoja wa kwenye reli, kimota kinajuaje wakati wa kulia? Kuna relei ndogo, yaani swichi inayovutwa na koili, inayopuuza AC na kuamshwa na DC tu. Ukibonyeza mkono wa filimbi kwenye transfoma, inachanganya DC kidogo ndani ya AC, relei inanyakua, filimbi inalia. Ukiachia inanyamaza. Hakuna kompyuta, hakuna redio, ni koili na kipande cha shaba. Ndiyo maana ukilisha njia nzima DC, filimbi italia bila kukoma.

Kurudi nyuma nako ni hivyohivyo. Ukikata umeme na kuurudisha, koili inavuta mchi, mchi unasukuma pipa dogo lenye meno hatua moja: mbele, simama, nyuma, simama. Ule mvumo unaosikika kichwa kikiwa kimesimama ndio koili hiyo inayotetemeka.

Mota nimeisafisha jana. Skrubu mbili, kibati cha kaboni kinatoka. Funika kwa mkono, springi zinaruka. Chini yake kuna kisahani cha shaba kilichogawanywa vipande vitatu, na changu kilikuwa cheusi tii, huoni mpaka kati ya kipande na kipande. Spiriti kwenye kitambaa, zungusha, futa, zungusha. Kisha kijiti cha meno kwenye ile mifereji mitatu, taratibu. Ilitoka grisi ya zamani iliyoganda na vumbi la kaboni, ngumu kama lami. Shaba ilipoanza kung'aa rangi ya senti mpya nilimwita mwanangu aje aone. Tone moja la oili kila mwisho wa mhimili, grisi nyepesi kwenye meno ya gia, na kwenye kisahani usitie kitu. Nikakiweka relini, nikapandisha mkono wa transfoma polepole. Kilivuma, kikasita, kikaondoka.

Mama Kheri (Hamburg)

Salaam aleikum wapendwa. Nimesoma uzi wote nikitabasamu. Huku Ujerumani wenzenu ni Märklin, ya Göppingen, na wao pia AC. Mume wangu anazo za baba yake. Hawakuiacha reli ya tatu, waliificha tu: tangu 1953 katikati ya njia kuna vichomozi vidogo juu ya mataruma (vile vipande vya kukatisha vinavyobeba reli), na chini ya kichwa kuna kijiti kirefu kinachoteleza juu yake. Kwa mbali unaona reli mbili. Kijana wa Mbezi, hiyo ndiyo ingekufaa, ni ya HO na inageuka uso bila shoti.

Kwa kugeuza mwendo wao hawakati umeme, wanatuma volti 24 kwa nukta moja, kichwa kinaruka kidogo kisha kinabadili mwelekeo. Tahadhari tu: zile transfoma za buluu za bati zilitengenezwa kwa volti 220, na leo ukutani ni 230. Ule mshtuko wa kugeuza unapanda juu zaidi, unaua vichwa vipya vyenye vifaa vya elektroniki. Vya zamani havina shida navyo.

Mwana wa Nakuru (Leicester)

Ndugu zangu, mimi nina Hornby Dublo niliyoipata duka la hisani hapa Leicester. Nayo ina reli tatu. Naweza kuichomeka kwenye transfoma kama ya mleta uzi?

Mshika Pointi

Hapana ndugu, simama hapo hapo. Hornby Dublo ilitoka 1938 ikiwa na reli tatu mpaka walipoingia za reli mbili 1959, lakini ni ya DC volti 12 na mota yake ina sumaku ya kudumu. AC itaipasha moto na kuidhoofisha sumaku bila kuipeleka popote. Reli tatu hazimaanishi AC. Angalia kwanza mota.

Mwana wa Nakuru (Leicester)

Asante sana, umeniokoa. Lingine: nikiiendesha, upande wa mbali na waya inachoka, inatambaa, ikirudi karibu inakimbia. Mota imekufa?

Mshika Pointi

Mota ni nzima, ni maungio. Kila kipande kinashikana na mwenzake kwa viungio, kwangu ni pini, na umeme wote unapita hapo. Vikilegea au kushika kutu, kila ungio linakula volti kidogo, na ukifika upande wa pili kumebaki chache. Kwangu nilizibana reli kwa plaizi kwenye kila pini, kisha chini ya meza nikapitisha waya mnene unaozunguka meza nzima, na kila vipande vitatu nikalehemu kipande cha waya kutoka pale kwenda relini. Kabla ya hapo kichwa kilikuwa kinapumua kwenye kona ya mbali. Sasa mwendo ni mmoja mzunguko mzima.

Na kwa wenye transfoma mbili: kabla hujaunganisha njia mbili kwa pointi, hakikisha zinakwenda pamoja. Unganisha nyaya zao za kurudi, kisha gusanisha za kwenda zikiwa volti sawa. Ikipiga cheche, geuza plagi ya moja ukutani, halafu weka alama ya rangi usije ukasahau. KW moja ina mikono miwili ndani yake, kwa hiyo mimi nimesalimika.

Jambo la watoto pia, nisilisahau. Rangi za vitu vya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Wangu wananawa mikono wakimaliza, na mdogo anayetia kila kitu mdomoni hasogei.

Kijana wa Mbezi

Mkuu nimeanza kuelewa. Lakini ulisema utanijibu kwa vitendo. Yule mzee wa geti umemfunga?

Mshika Pointi

Nimemfunga Jumamosi, na hilo ndilo jibu lako.

Kumbuka reli mbili za nje zote zinarudisha umeme. Kwa hiyo moja inatosha, ya pili unaweza kuiazima. Nilichukua kipande, nikakunjua vishikizo vya mataruma kwenye reli moja ya nje, nikaweka karatasi ngumu kati ya reli na kila taruma, nikafunga tena. Kwenye ncha zake mbili nikatoa pini za chuma, nikatia za plastiki. Sasa reli hiyo haijagusana na chochote. Waya mmoja wa kibanda unakwenda kwenye umeme wa transfoma, mwingine kwenye reli hiyo. Treni ikifika, magurudumu na ekseli ni chuma, vinaunganisha reli iliyotengwa na mwenzake wa upande wa pili. Saketi inakamilika, koili inavuta, mlango unafunguka, mzee anatoka. Behewa la mwisho likitoka, anarudi. Treni yenyewe ndiyo swichi. Reli mbili haziwezi kukupa hilo bila kuongeza vifaa, kwa sababu hazina reli ya kuazima. Ndiyo maana hii ya katikati siing'oi, ndugu yangu, na sura yake nimeizoea.

Jumapili nikampigia baba simu ya video. Ana miaka themanini na mbili, macho bado yanaona vizuri. Nikaegemeza simu kwenye boksi la reli, nikawasha. Treni ikaja, mzee wa geti akatoka, ikapita, akarudi. Baba akanyamaza. Nikaizungusha tena. Akasema: "Huyo amechelewa."

Nikamwambia baba, anatoka treni ikifika. Akasema ndiyo hilo kosa. Geti hufungwa treni ikiwa bado haijaonekana, wewe unasimama pale na taa yako unaisubiri, siyo inakukuta mlangoni. Mwenye baiskeli atakuwa amekwisha kuingia katikati.

Alikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimetenga kipande kimoja tu, inchi 10, mbele ya kibanda. Jana usiku nimetenga vyote vitano vinyoofu vya upande ule pamoja na kona moja kila mwisho, vipande saba, na kibanda kiko katikati yake. Sasa treni inatokea kwenye kona, mzee anatoka, anasimama na taa, na unaweza kuhesabu pole pole mpaka tatu kabla kichwa hakijampita. Anabaki nje mpaka behewa la mwisho limeingia kona ya pili.

Leo asubuhi nimempigia tena. Aliangalia mizunguko minne bila kusema neno, kisha akaniambia nisogeze simu karibu na kibanda, anataka kumwona anavyorudi ndani.